Raundi ya kwanza ya hoki ya vyuo irudishwe nyumbani kwa aliyefanya vizuri

Bado inaniuma ile mechi ya Allentown. Machi 2025 timu ya hoki ya barafuni ya chuo chetu cha Maine imetoka kubeba ubingwa wa Hockey East, yaani ligi yake, pale Boston, mara ya kwanza tangu 2004, mji mzima umevaa bluu, ikapangwa ya tatu kati ya timu 16 za mtoano wa Marekani nzima, yaani kwenye kanda yake ya timu nne yenyewe ndo namba moja. Halafu ikapelekwa Pennsylvania kucheza na Penn State, timu ya nne kwenye hiyo kanda, na Penn State ndo chuo mwenyeji! Sheria ndo inavyosema, chuo kikichukua jukumu la kuandaa kanda na timu yake ikafuzu basi inapangwa palepale. Tukafungwa 5-1. Wao hao wakaenda mpaka Frozen Four, yaani nusu fainali na fainali, ya kwanza kwenye historia yao, na walistahili, siwanyang'anyi kitu.

Ila jamani, kutoka Orono, chuo chetu kilipo, mpaka Allentown ni zaidi ya masaa manane barabarani. Nani mwanafunzi ana hela ya mafuta, hoteli na tiketi, katikati ya muhula? Mi mwenyewe nilibaki Bangor, jirani na Orono, nikaangalia sebuleni na mwanangu.

Kwa ambao hamfuatilii hoki ya barafuni ya vyuo, mtoano wa wanaume uko hivi: timu 16, kanda nne, ukifungwa mechi moja umeenda nyumbani, na kanda zinachezwa kwenye viwanja vilivyopangwa muda mrefu kabla hata msimu haujaanza. Wanasema ni viwanja huru. Huo uhuru mi siuoni kama namba tatu wa nchi anaenda kucheza mbele ya mashabiki wa namba kumi na tatu.

Ninachotaka ni kitu kimoja tu: raundi ya kwanza, timu nane za juu zicheze nyumbani kwao. Basi. Zinazoshinda ziendelee na utaratibu uliopo, Frozen Four ibaki ilivyo.

Ukiwahi kuingia Alfond, uwanja wetu wa hapa Orono, utanielewa. Ni uwanja wa watu elfu tano hivi, mdogo, umebanana. Wanafunzi wanapanga foleni nje kwenye theluji, pua nyekundu, milango ikifunguliwa wanakimbia kama wanawahi daladala. Mara ya kwanza nimeenda, mtu nimekulia Tanga barafu naijua ya kwenye glasi tu, nilikaa karibu na kioo, paki, kile kisahani wanachopiga badala ya mpira, ikapigwa ikagonga hapo mbele ya uso wangu, nikaruka nyuma na kikombe cha chai kikamwagika chote, jirani yangu mzee mmoja akanishika bega akaniambia utazoea. Sijazoea mpaka leo. Bendi inapiga, benchi zinatetemeka unazisikia miguuni. Halafu unawasha mechi ya kanda, mechi kubwa kuliko zote za msimu, unaona safu nzima za viti vitupu. Kwa kweli inasikitisha, hasa kwa wale vijana wanaocheza.

Na si kitu kigeni. Mpaka 1991 raundi za mwanzo zilikuwa zinachezwa vyuoni, tena mechi tatu, mwenye mbili ndo anapita, ndo 1992 wakahamia kwenye kanda. Wanawake mpaka leo wanacheza vyuoni, mtoano wao wa timu 11 unachezwa kwa timu za juu mpaka unafika Frozen Four, na sijasikia mtu analia kwamba ubingwa wao hauna haki.

Kuna wanaotaka zirudi zile mechi tatu, hapo mi nakataa. Utamu wa huu mtoano ni kwamba chuo kidogo kikiwa na kipa aliyeamka vizuri kinaweza kumtoa mkubwa, 2019 American International walimtoa St. Cloud State aliyekuwa namba moja wa nchi nzima, 2-1. Mechi tatu zinaua hiyo. Mechi moja ibaki, ila ichezwe kwa aliyefanya kazi toka Oktoba.

Wanaosema mwenyeji atapendelewa, sawa, ndiyo, atapendelewa, ndo maana ya kupambana msimu mzima upate namba nzuri. Kwenye mpira wa miguu tunajua nyumbani na ugenini na hakuna anayeona ni dhambi. Suala la uwanja kuwa na shughuli nyingine wikiendi ile au kuwa mdogo, hilo ni la kupanga, mbona mitoano ya ligi wiki chache kabla inachezwa hukohuko vyuoni na inawezekana.

2024 pia tulifuzu, mara ya kwanza tangu 2012, tukapelekwa Springfield tukafungwa na Cornell 3-1. Namba yetu ilikuwa ndani ya nane bora, kwa hiyo ile nayo ingechezwa Alfond. Mwanafunzi aliyeingia Orono 2021 akamaliza 2025 kaona timu yake ikifuzu mara mbili, na kama hakuwa na nauli basi zote mbili kaziangalia kwenye simu bwenini, na uwanja uko hapohapo, unaenda kwa miguu, siku hizo mbili umefungwa taa zimezimwa.