Hela ya Alhamisi

"Kwa hiyo serikali ya Wazungu inakulipa kumwogesha mumeo?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo mbele za watu, huku anageuza migebuka kikaangoni, na baraza zima likanyamaza. Nilikuwa Ujiji, Kigoma, kwa wiki mbili, mwanangu mkubwa amebaki Limerick na baba yake. Ndiyo, nikajibu. Nalipwa.

Niwaeleze na ninyi, maana wengi wetu huku Ayalandi tunaiona fedheha. Mimi mwenyewe nilikaa karibu mwaka mzima bila kuomba tangu mume wangu apigwe na kiharusi. Kumuuguza mwenzio ni wajibu, malipo ya nini? Jirani ndiye aliyeniletea fomu ya posho ya mlezi (Carer's Allowance), inaitwa CR1. Unajaza sehemu yako, daktari wa mgonjwa anajaza yake, kisha wanapekua kipato cha nyumba. Lazima uwe unamhudumia muda wote. Kibarua cha nje kisizidi saa 18 na nusu kwa wiki. Mwaka 2025, mlezi wa chini ya miaka 66 anayetunza mtu mmoja alikuwa anapata hadi yuro 260 kwa wiki, na mwezi wa sita kulikuwa na mkupuo wa yuro 2,000.

Siku ya malipo ni Alhamisi. Unachagua mwenyewe: benki au Posta. Benki haina usumbufu, unaamka imeshaingia. Mimi nilichagua Posta, na wanangu wananicheka. Unapanga foleni, unatoa kadi ya huduma za umma yenye picha yako, unahesabiwa noti zako, basi. Lakini ile saa moja ni yangu. Jirani anakaa na mgonjwa, mimi natembea polepole hata kama mvua inanyesha (na inanyesha kweli). Mama wa dirishani ananiuliza hali yangu mimi. Mliowahi kuuguza mnanielewa.

Kilichowashangaza pale barazani hakikuwa kiasi. Ni kwamba jina lililoandikwa ni la mlezi, si la mgonjwa.

Mdogo wangu anamtunza mama yetu mwaka wa nne sasa. Anamgeuza, anamlisha, anampakia kwenye bajaji kwenda hospitali ya Maweni. Sisi tulio mbali tunatuma "hela ya mama", inapitia kwa kaka, naye anamgawia na kumdai risiti. Pale mtaani wapo walio TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia masikini, wanangoja awamu ya malipo. Wanaopokea wengi ni wanawake, lakini ile ni ya kaya masikini, haimhesabu mtu kwa kukesha na mgonjwa.

Usiku nikasema tumtengee fungu lake, kwa jina lake. Kaka akakasirika. "Unataka kumfanya mfanyakazi wa ndani kwa mama yake mzazi?" Mdogo wangu alikuwa uani anaosha vyombo. Hakusema neno, ila masufuria yalitulia.

Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Kaka hajakubali hadi leo, nami sikumsubiri. Kila Alhamisi nikitoka Posta nasimama pembeni ya mlango, natuma shilingi 40,000 kwenye namba ya mdogo wangu. Hazipiti kwa mtu.

Wiki iliyopita alinijibu kabla sijafika nyumbani: "Imeingia dada. Ya kutolea umesahau tena."