Maharage ya Mbeya, maji ya Dar

Kwetu Mbeya tuna msemo wetu: maharage ya Mbeya, maji mara moja. Unatia maji, unafunika, unaendelea na shughuli zako, ukirudi yameiva. Wahuni wanautumia kwa mambo mengine ambayo hapa hayatuhusu, lakini kwa upande wa maharage ni kweli tupu na nimekua nikiuona ukweli huo kwa macho yangu.

Sasa fikirieni fedheha ya mtu wa Uyole aliyeolewa Dar es Salaam. Kaka ananitumia kiroba cha maharage ya njano kwa basi, safi, yamechambuliwa. Nayabandika asubuhi, nimejaa maringo kabisa, nimeshamwambia kila mtu nyumbani kwamba leo mtakula maharage yenyewe, si haya yenu ya dukani. Adhuhuri ikaadhiniwa, yanagonga sufuria. Nikaongeza maji. Alasiri, bado. Nikaongeza tena. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, mpole, hana maneno mengi, lakini yale machache anayachagua. Alikuja mlangoni akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, haya ya kwenu ndiyo yale ya maji mara moja?"

Nikasema, "Ndiyo mama, ila leo yamegoma kidogo."

"Haya. Basi mimi naomba chai na mkate."

Na haikuwa siku moja. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ambao zamani ulikuwa unanifikisha mwezi na ziada, ukaanza kukatika katikati ya mwezi, na kuujaza ni ishirini na kitu elfu. Nikahamia kwenye mkaa, nao ukawa unakwenda vilevile. Maharage yamekuwa chakula cha kitajiri, jamani.

Ndipo nikaomba ushauri. Hapo ndipo ninapotaka kulalamika, maana kumbe kila mwanamke wa mtaa huu ana dawa yake ya maharage na hakuna hata mmoja aliyeniuliza napikia maji gani.

Wa kwanza alisema tia Panadol. Mbili zinatosha, yanalainika dakika sifuri, hata nyama. Nimesikia eti kuna mama lishe wanafanya hivyo. Nilikataa hapohapo. Ile dawa haiondoki kwa kuchemshwa, na ikizidi mwilini inaharibu ini. Wewe unajua umetia ngapi, anayekula hajui, na pengine ameshameza zake asubuhi kwa ajili ya kichwa. Mtu akikupa ushauri huo mshukuru, kisha usile kwake.

Wa pili alisema kila yakitokota yamwagie maji ya baridi, "uyashtue." Niliyashtua wiki nzima. Aliyeshtuka ni mimi nilipoona mkaa.

Wa tatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ninayempenda sana na ambaye akisoma hapa atajijua, alisema misumari. Misumari mipya ya nchi tatu, ioshe, itumbukize pamoja na maharage, chuma kinavuta joto. Akaniletea mwenyewe, mitatu, imefungwa kwenye karatasi. Sawa. Nikaiosha, nikaiweka. Baada ya muda mchuzi ukaanza kubadilika, ukaingia weusi ambao sijawahi kuuona kwenye maharage ya njano. Chuma kikikutana na ule ukakasi wa ganda ndivyo kinavyofanya. Maharage yenyewe hayakuwa na habari. Jioni yamelainika nusunusu, nimechoka, nikaunga hivyohivyo, watoto wana njaa. Kabla ya kupakua nikaanza kuitoa misumari. Wa kwanza huu. Wa pili huu. Wa tatu hakuna. Nikazungusha mwiko, hakuna. Nikamimina sufuria nzima kwenye beseni, taa imekatika, namulika kwa simu, mume wangu amesimama nyuma yangu ananiuliza kwa utaratibu kabisa, "Sasa mke wangu, tunatafuta nini kwenye maharage?" Nilimwambia jani la mdalasini. Tukala. Nyumba nzima ikala taratibu, kila mmoja akitafuna kama mtu anayevuka shamba lenye mabomu, maana mtoto wa mwisho alikuwa ameniona asubuhi na alishawaambia wote. Msumari niliupata usiku ninaosha vyombo, umeng'ang'ania kwenye ukoko chini. Jirani nilipomrudishia mitatu yote alisema, "Si unaona, haijapotea!"

Magadi yalifanya kazi, sitawanyima haki yao. Kipande kidogo, maharage yamelegea upesi. Lakini ukizidisha kidogo tu mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, rangi inachafuka, na vitamini B1 iliyomo inaharibika. Kwenye makande sitabishana na Wapare, wayatie tu. Kwenye maharage ya nazi hapana.

Kilichonifungua macho ni kijana wangu wa sekondari. Alikuwa anasoma fizikia kwa sauti sebuleni: mahali palipo juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mimi niko jikoni nasikia. Nikamwita, hebu rudia hapo. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au hapo karibu. Dar yanafika 100. Maana yake sufuria yangu ya Dar ina joto kuliko ya mama yangu Uyole! Kwa hesabu hiyo maharage yalitakiwa kuiva huku mapema kuliko kule. Maharage ni yaleyale. Sufuria nilitoka nayo kwetu, ni zawadi ya harusi. Mpishi ni mimi. Kilichobaki ni nini? Maji.

Bomba letu lina siku zake, kwa hiyo tunapikia ya kisima. Na kisima chetu ni hivi visima vya Dar mnavyovijua: sabuni unasugua mpaka mkono unauma povu halitoki, na birika ndani lina ukoko mweupe usiotoka hata kwa kisu. Dalili zote nilikuwa naziona kila siku ninapofua.

Ilikuwa masika. Nikaacha mvua ya mwanzo ioshe bati, kisha nikatega ndoo. Nikachukua vikombe viwili vya maharage kutoka kiroba kilekile, nikaloweka kimoja maji ya mvua na kingine ya kisima, asubuhi nikavipika kwenye sufuria mbili zinazolingana, kila kimoja kwa maji yake. Nilikuwa na majiko mawili ya mkaa na kila baada ya muda nilizibadilishana sufuria, asije mtu kuniambia jiko lile ni kali kuliko hili. Hakimu nilimfanya mama mkwe. Sikumwambia ipi ni ipi. Nilimpelekea visahani viwili kibarazani, nikamwomba abonyeze kwa vidole. Cha kwanza akabonyeza, ikatoka uji. Cha pili akabonyeza, punje ikaruka ikaangukia kwenye kandambili. Akaichungulia pale chini, akasema, "Hizi mpe mwenye meno." Za kisima.

Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Si maharage ya Mbeya! Nilimpigia kaka usiku uleule nikamwomba radhi kwa yote niliyomwambia kuhusu kiroba chake.

Maelezo ya kitaalamu nilipewa na mwalimu wa kemia tunayepanda naye daladala moja. Maji ya namna hii yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, kwa lugha yetu chokaa. Ndani ya punje kuna gundi inaitwa pektini, ndiyo inayoshika kila kitu pamoja, na ikiyeyuka ndipo punje inalegea. Chokaa inaikaza hiyo gundi. Unaweza kupika mpaka kesho, wewe unalegeza, maji yanakaza. Nyanya na ndimu nazo zinachelewesha kwa sababu ya ukali wake, kwa hiyo wale mnaotia nyanya tangu mwanzo ili "ziive pamoja" mjue mnachoma gesi bure. Nyanya ni baada ya maharage kuiva. Baada.

Akaniambia na jambo ambalo nikilisema mtaani kwetu napigiwa kelele: kama huna maji ya mvua, loweka kwenye maji ya chumvi. Chumvi ya kawaida ya mezani, vijiko viwili vya chai kwa lita, usiku kucha. Najua, najua, sote tumefundishwa kwamba chumvi inayafanya maharage yawe magumu. Hata mama yangu mzazi aliniambia hivyo. Lakini chumvi si chokaa. Ile sodiamu ya kwenye chumvi inaingia kwenye ganda inaifukuza kalsiamu, ganda linalainika. Asubuhi unamwaga yale maji, unasuuza, unapika kwa maji mapya. Na mapya hayo kama unaweza yawe ya bomba au ya mvua. Dumu moja la bomba nimelitenga, lina alama ya wino mwekundu, atakayelifulia tutagombana. Ukikosa kabisa pikia hata ya kisima, ukishaloweka na chumvi utaona tofauti, ingawa si kubwa hivyo. Kwenye kuunga onja kwanza kabla hujaongeza chumvi.

Kuna kitu kingine ambacho maji hayakitibu nacho ni uzee. Kiroba nilikuwa nakiweka stoo, chini ya bati, joto na unyevu wa Dar huo mnaoujua. Maharage yakikaa miezi kwenye joto na unyevu yanakomaa ubishi, hata uyaloweke kwa maziwa. Sasa kaka ananitumia kidogo kidogo, na ninayonunua Tandika nauliza ni ya msimu huu au uliopita. Muuzaji atasema ya msimu huu, ndiyo kazi yake. Wewe angalia rangi: ya njano mapya yanang'aa, yaliyokaa sana yanaingia ukahawia. Na usichanganye mapya na ya zamani kwenye sufuria moja, nusu yatakuwa uji nusu bado yanataka vita.

Sasa kuhusu gesi, hapa naomba mnisikilize maana ndipo ninapojivunia. Nina kapu kubwa la ukili, la sokoni, halina hadhi yoyote. Ndani nimetandika blanketi kuukuu, pembeni nguo zilizochakaa nimezishindilia, katikati nimeacha tundu la kutosha sufuria. Maharage yaliyolowekwa nayabandika usiku, yakishatokota nayaacha yatokote kwa nguvu robo saa nzima, mfuniko umekaa. Naepua, sufuria inaingia kapuni ilivyo, juu naweka mto, juu ya mto blanketi jingine. Kisha naenda kulala. Hakuna moto! Yanaiva yenyewe na joto lake. Kufunuafunua marufuku, ukichungulia umelipoteza. Asubuhi unakuta yameiva au yamebakiza kidogo sana, unayarudisha jikoni yatokote vizuri tena, na hilo la kutokota tena usiliruke, chakula kilicholala vuguvugu kinaweza kuharibika bila kunuka. Kwa wanaopika mekundu makubwa, ile robo saa ya mwanzo ni lazima kwa sababu nyingine pia: yana sumu yake ya asili ambayo kuchemka kwa nguvu kunaiua, joto la vuguvugu haliiwezi, mtu anaharisha na kutapika vibaya.

Mume wangu wiki za mwanzo alikuwa anatafuta mto wake. Sikumwambia. Tulinunua mwingine, elfu saba au nane, umesharudi mara nyingi kwa gesi niliyookoa. Mtungi sasa unamaliza mwezi na kuvuka.

Kuunga hamhitaji kufundishwa. Ila tui zito liingie mwisho, moto mdogo, koroga polepole lisikatike, na mimi nakuna nazi kwa mbuzi, ya pakiti hapana. Mama mkwe anataka sukari kijiko kimoja ndani, watu wa Pwani na mambo yao. Kwetu mtu akitia sukari kwenye maharage tunamuuliza kama anaumwa. Tumekubaliana ajitilie kwenye sahani yake.

Jirani wa misumari nimemgawia maji ya mvua dumu zima, akapikia mbaazi kavu. Anasema zilichelewa kidogo. Kumbe alitia na misumari.