Chenso imeniunguza mfuko

Jamani nyie mnaotaka kuingia kazi ya kukata miti hapa Dar, chenso (msumeno wa injini wenye mnyororo) sio mtaji wote. Mi yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, yaani dogo mmoja alijaza petroli tupu bila oili, tukiwa juu ya mwarobaini nikasikia sauti inabadilika halafu kimya, kufungua fundi akanionyesha pistoni imekwaruzika kama imepigwa msasa. Siku hizi nachanganya mwenyewe, lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya tuu-stroku, na ile ya mnyororo ni nyingine kabisa msichanganye.

Bei nayo. Mteja anaona mwembe umelala kwa saa moja anasema laki moja inatosha, hajahesabu kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ya kubeba matawi (mwembe mmoja tripu tatu hadi nne!), vijana wawili wa kamba, na ukuta wa jirani ukipasuka nani analipa? Mi sasa naandikishana kabla, nusu kwanza. Na waya za umeme zikipita karibu sipandi mpaka TANESCO wazime, hata uniongezee hela.