Pampu ya maji ya Elise niliipata kwa jina la Celica

Ukiwa na Lotus Elise, gari dogo la michezo la Uingereza, yenye injini ya Toyota, utajifunza mapema kutoitaja Lotus dukani. Ukiitaja, muuza spea anatikisa kichwa: hiyo ni ya kuagiza, tena usubiri. Ukisema Celica, gari la Toyota, anageukia rafu.

Injini ni 2ZZ-GE, lita 1.8, ambayo Toyota waliiunda kwa kushirikiana na Yamaha. Ilikuwa imeshafungwa kwenye Celica na baadhi ya Corolla kabla ya Lotus kuiweka nyuma ya viti vya Elise mwaka 2004. Elise za mwanzo zilitumia ya Rover. Kampuni ndogo haina ubavu wa kubuni injini yake na kuipitisha kwenye vipimo vya moshi vya kila nchi. Elise ya barabarani iliingia sokoni Marekani ilipopata hii ya Toyota. Wala kuazima spea si aibu ya wadogo tu. Aston Martin DB7 ina taa za nyuma za Mazda 323F, na Lamborghini Diablo za mwisho zina taa za mbele za Nissan 300ZX!

Pampu ya gari langu ilipochoka kwa umri, kulanti, maji ya kupozea injini, ilianza kuacha utando wa pinki chini ya puli, gurudumu la mkanda. Niliifungua kwa kupitia upande wa tairi la nyuma, maana injini imelala kwa upana na nafasi ni finyu kweli. Spana unaizungusha robo, unaitoa, unaipachika tena. Kabla ya kununua nyingine niliisugua ile kuukuu mpaka maandishi yakaonekana, nikaenda nayo mkononi. Naamini zaidi spea iliyo mezani kuliko maelezo ya mtu, mimi nikiwemo.

Pampu ya Celica ikakubali bila ubishi. Mkanda unaoizungusha ndio wa kuangalia. Elise haina pawa stelingi, kwa hiyo mkanda haupiti njia ile ile ya kwenye Celica, na urefu unaufuata mzunguko wa puli za gari lako. Kompyuta ya injini nayo ni ya Lotus wenyewe, usihangaike kutafuta ya Celica.

Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa kutoa hewa kwenye mfumo wa kulanti. Rejeta iko mbele, injini nyuma, na mabomba marefu yanapita ubavuni mwa gari, kwa hiyo hewa ina pa kujificha. Nilijaza taratibu, nikawasha hita hadi mwisho, nikaacha injini ingurume huku nikishika mabomba: la kwenda mbele lilikuwa la moto, la kurudi bado baridi. Lilipopata joto na feni ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe, nikazima injini. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kulanti ilikuwa imeshuka kidogo kwenye chupa. Nikaongeza hadi alama, nikalifunga gari.