Siku moja yadini: Passo, IST na WhatsApp iliyopangiwa saa zake

Saa 11:30 alfajiri

Saa ya mezani inalia. Nimeinunua Kariakoo makusudi, kwa sababu simu siku hizi inalala sebuleni, data imezimwa. Muuza magari akikwambia simu yake inalala sebuleni, ujue amekwambia jambo zito, maana soko letu karibu lote limehamia humo ndani.

Naishi Salasala, nafanya kazi kwenye yadi moja kando ya Barabara ya Bagamoyo, Mbezi Beach. Tunauza vigari vidogo: Passo, Vitz, IST, mara mojamoja March au Demio. Wateja wetu wengi wananunua gari la kwanza maishani, kwa pesa ya kikoba, mkopo wa mshahara au kiinua mgongo. Zamani nilikuwa najibu jumbe zao kabla sijanawa uso. Sasa naswali, nakunywa chai, nawahi daladala. Kwenye daladala nalala.

Saa 2 asubuhi

Kijana wa kuosha magari ameshafika. Yeye anafuta vumbi, mimi nawasha injini moja baada ya nyingine ili betri zisife. Humo ndani yule mama wa Kijapani, sauti iliyorekodiwa, anaongea kila ukiwasha. Wateja hudhani anawasalimia. Kumbe anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani haijachomekwa. Kadi hiyo ilibaki kwao, yeye akaletwa Dar, na kila asubuhi anaidai.

Ipo Passo moja ambayo leo haiwashwi. Ina mteja wa saa 4, na funguo nimetia mfukoni mwangu mwenyewe. Gari lililokwisha kupashwa moto huficha mengi: kuwaka kwa shida, moshi wa kwanza, mlio wa cheni. Mnunuzi akikuta boneti ina joto, aulize imewashwa kwa nini. Bosi hapendi nikiwafundisha wateja hivi.

Saa 3 asubuhi

Dirisha la kwanza. WhatsApp naifungua saa 3, saa 7 na saa 11, nusu saa kila mara, basi. Natumia ile ya biashara, iliyotoka 2018, inayokuwezesha kuweka jibu la kujituma lenyewe. Langu linasema: “Karibu. Ujumbe najibu saa 3, saa 7 na saa 11. Ukitaka kuja kujaribu gari, piga simu muda wowote.” Tiki za bluu nimezima, na muda wa mwisho kuonekana nimeuficha. Picha za magari naweka kwenye hali (status) asubuhi, halafu siangalii nani kazitazama.

Jumbe ni zilezile. “Ipo?” “Mwisho bei gani?” “Picha za ndani.” “Za chini.” “Video ikiwaka.” Yupo mmoja kila Jumatatu huuliza IST ya bluu kama bado ipo. Ipo, kaka. Ilikuwepo hata Jumatatu iliyopita.

Magrupu ya madalali nimejitoa yote. Grupu moja siku hizi linabeba watu 1024, na ukiwapekua utakuta anayetafuta gari la kuendesha mwenyewe hayumo. Tunauziana sisi kwa sisi. Picha ya Vitz inatoka kwetu, inapita kwa dalali wa Tegeta anaweka cha juu, inafika kwa wa Kimara naye anaweka chake, jioni inarudi kwangu bei imepanda na mtu ananiuliza kama nina mteja. Gari liko mbele ya macho yangu, linaoshwa.

Wazo la kupunguza lilinianza tangu Oktoba 4, 2021, ile jioni Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima. Hapa kwetu ilikuwa kama saa 12 na dakika 40, zikarudi baada ya usiku wa manane. Nilikuwa na mteja ndani ya Vitz. Simu yake kimya, yangu kimya. Akakaa kila kiti, akafungua kila mlango, akauliza maswali ambayo kwa kawaida mtu huanza kuyauliza kisha simu ikamkatiza. Giza likatukuta tunaongea habari za mafuta ya gia.

Saa 4 asubuhi

Mama mwalimu amefika, na mdogo wake wa kiume anayejitambulisha kuwa fundi. Baadaye inajulikana ni fundi wa pikipiki, nao ni ufundi, simdharau. Leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wametangaza bei kikomo mpya za mafuta, na siku kama hii swali la kwanza huwa moja.

“Dada, inakula vipi?”

Namwambia ukweli. Vipimo vya Kijapani vya Passo ya cc 996 ni zaidi ya kilomita 20 kwa lita, ila foleni ya Mwenge haijui Kijapani. Apunguze, tena apunguze vizuri.

“Na hii pistoni tatu? Kwenye grupu letu la shule wanasema ni ugonjwa.”

Hapa huwa sibishani, nampa funguo. Anawasha. Injini inatetema, kioo cha pembeni kinatikisika kidogo, naye ananitazama kama daktari aliyeona kipimo. Namwambia akanyage breki aweke D, asikilize. Mtetemo ukizidi sana kwenye D, mara nyingi maunti, yaani raba zinazoishikilia injini, zimechoka, na maunti zinabadilishwa. Ukiwa wa kiasi, ndiyo tabia ya pistoni tatu kokote ziliko. Injini hii, 1KR-FE, imefungwa pia kwenye Vitz, na ndiyo hiyohiyo iliyokuwa kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 zilizoanza kuuzwa Ulaya 2005. Wazungu nao wametetemeshwa nayo miaka yote hiyo.

Cc zake 996 zina faida nyingine isiyoonekana. Wakati wa kuingiza gari nchini, injini isiyozidi cc 1000 haiguswi na ule ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. IST, iwe ya 1.3 au ya 1.5, inalipa asilimia 5. Ushuru wa uchakavu lakini hauna huruma na udogo: gari likishazidi miaka 10, mzigo wake ni asilimia 30. Ndiyo maana bei ya Passo kuukuu humshangaza mtu aliyeiona mtandaoni kwa bei ya Japani.

Hii ya kwake haina mambo ya bandarini, ni ya mkononi, namba D (herufi ya usajili), tunataka milioni tisa na nusu, maongezi yapo. Kabla hatujatoka namwomba kila mtu atie simu yake kwenye kidroo cha dashibodi. Fundi anasita. Mama mwalimu anatumbukiza yake mara moja, kama aliyekuwa anasubiri kuambiwa. Kisha namwita kijana wa kuosha magari apande nyuma. Huwa nambeba kwa ajili ya uzito. Gari dogo ukilijaribu peke yako kwenye lami tambarare limekudanganya, maana nyumbani litabeba watu wanne na gunia la mchele.

Tunaingia Barabara ya Bagamoyo, tunakata Tangi Bovu, tunaanza kupanda kuelekea Goba. Kiyoyozi kimewashwa. Kwenye mwinuko gari linashusha gia, injini inalia juu, mwendo unapungua. Mama anakaza mikono kwenye usukani.

“Linachoka!”

“Halichoki, mama. Linatafuta gia. Zima kiyoyozi.”

Anazima. Gari linapumua, linasogea. Hilo ndilo nililotaka alisikie kwa mwili wake, kwa sababu hakuna picha wala video ya kuonyesha tofauti ya lita moja na kiyoyozi, na lita moja bila kiyoyozi, mlima ukiwa mbele. Anaishi Goba. Mlima huu ataupanda kila siku ya maisha ya gari hili. Kama utamkera leo, mwakani atalichukia.

Kule juu tunageuza. Namwambia akate usukani mpaka mwisho kulia, aende taratibu, kisha kushoto. Hakuna kinachogonga, kwa hiyo draivshafti, vyuma vinavyozungusha tairi, ni nzima. Kushuka, ajaribu breki bila kuzipapatikia, aone kama gari linavuta upande. Halivuti. Kwenye tuta la pili mbele kushoto kunasema “tok”.

“Shokapu hiyo,” fundi anasema.

Tunasimama. Nainama, natikisa. Ni linki ya stebilaiza, kijichuma cha chini kinachozuia gari kuyumba, kipuri cha bei ndogo, na nawaambia wakiondoe kwenye bei badala ya kungoja wanibembeleze. Muda wote huo simu zinanguruma ndani ya kidroo. Mama anakitazama kidogo.

“Shule hao,” anasema, anawasha indiketa.

Tukirudi yadini haniambii kama atanunua. Anauliza choo kiko wapi.

Saa 6 mchana

Bosi amekuja na hoja yake ileile: yadi nyingine zinajibu ndani ya dakika moja. Ana haki. Yupo mtu aliyeandika saa 4 akitaka Vitz, nilipomjibu saa 7 alikuwa ameshalipia Kinondoni. Hasara hiyo ipo na siifichi. Lakini tuna daftari la funguo, kila anayetoka na gari kulijaribu anaandika jina, namba ya leseni na jinsi alivyotupata. Nikamsogezea asome mwenyewe. Safu ya jinsi walivyotupata imejaa “nilipiga” na “nilipita barabarani nikaona”. Waliochati wiki tatu wamo wachache mno. Akasoma, akakohoa, akasema nijibu japo saa 5 pia. Nikasema nitafikiria. Sitafikiria.

Saa 7 nilikula wali maharage nikafungua dirisha la pili. “Ipo?” “Mwisho?” Tuyaache.

Saa 8 mchana

Kijana wa IST. Anataka kuingia kazi ya teksi za mtandaoni, na kwa kazi hiyo sitamshauri vingine: vipuri vya IST viko kila kona, kila fundi anaijua, na siku ya kuiuza haikai. Kwa matumizi ya nyumbani ningebishana naye, maana watu wanalipia jina. Demio nzuri ya bei nafuu kuliko hiyo inasimama pale inapigwa jua, kosa lake ni kwamba vipuri vyake huvikuti kwenye duka la kwanza.

Yeye simu hakuitia kidrooni. Tulipofika taa za barabarani akaanza kurekodi sauti: “Oya wanangu, niko ndani ya chuma hapa…” Nikamwambia aegeshe kwanza. Kushika simu ukiendesha ni kosa, na trafiki wa barabara hii hawana dogo. Akaegesha, akamaliza ujumbe wake, akapiga simu ya video kwa rafiki, rafiki akaomba kuonyeshwa tairi. Tukarudi. Nikimuuliza gari ameliona vipi anasema wanangu wamelikubali. Nikamuuliza tena, wewe je? Akasema breki anaona ziko mbali kidogo. Hakukosea, na mimi nilikuwa nimeshaliandika hilo asubuhi.

Saa 10 alasiri

Saa hii hapo nyuma ndiyo niliyokuwa nachati sana, kwa kuwa yadi imepoa na jua linachoma. Sasa nakagua magari mapya yaliyoletwa. Yasiyosajiliwa hayatoki getini kwetu, mteja anayazungusha humuhumu ndani. Nafungua mlango wa dereva natafuta stika ya kubadilishia oili. Mafundi wa Japani huiandika tarehe na kilomita. Wakati mwingine mwaka wameuandika kwa hesabu yao ya kifalme, kwa mfano 31 ya enzi ya Heisei ambayo ni 2019. Stika ikisema kilomita 118,000 na dashibodi inasema 64,000, kuna mtu amecheza na namba njiani, na wengi husahau kuibandua hiyo stika. Leo nimekuta zote zinapatana. Redio za magari haya hazijabadilishwa bado, zinaishia FM 90 kama masafa ya zamani ya kwao, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar hazishiki. Nimeandika kwenye karatasi ya fundi umeme.

Saa 11 jioni

Dirisha la tatu. Fundi wa pikipiki ameandika: “Dada mwisho shingapi ile Passo, tusifichane.” Kabla sijamaliza kusoma, simu inaita, ni dada yake.

“Mwanangu, nimeupenda ule mlima kuliko nilivyotegemea. Tisa.”

“Mama, tisa na laki tatu, na linki naweka mimi.”

“Jumamosi nakuja na fundi mwingine. Huyu nimemwacha na pikipiki zake. Usiliwashe kabla sijafika.”

Sikumwambia mdogo wake chochote kwenye WhatsApp.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Grupu la ukoo nimeliweka kando (archive), limenyamazishwa, na wanajua wakinihitaji wanipigie. Dada yangu kapiga.

“Kikao cha harusi kimepitisha laki mbili kila mtu. Wewe hukuandika kitu, mwenyekiti akasema aliyekaa kimya amekubali.”

Nikamuuliza mwisho wa kulipa ni lini.

“Juzi.”