Dari la nyota, Finsbury Park

Jumapili nilishuka kituo cha Finsbury Park, London, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya lile jengo lililokuwa ukumbi wa muziki. Ni kanisa tangu 1995. Nilimwambia kijana wa mlangoni kwamba mimi sikuja kusali, nataka kuiona chemchemi ya mle ndani tu, na ukumbi kidogo kama inawezekana. Akanipisha.

Ipo. Zamani palikuwa na samaki wadogo wekundu mle, nami nilitia vidole majini nikasubiri waje. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Enzi zile pakiitwa Rainbow. Jengo lilifunguliwa 1930 kama sinema, jina lake Astoria, na mafundi walilipamba ndani ili mtu akikaa kitini ajione yuko kijiji cha Andalusia usiku: matao, vijumba na madirisha ukutani, juu dari la buluu lenye taa ndogo ndogo za nyota. Mimi mzaliwa wa Unguja, mgeni wa miezi minne London, niliinua uso nikashindwa kusema. Nje baridi inakata masikio, humu ndani matao kama ya kwetu!

Ilikuwa 31 Machi 1974. Nilikuwa nasomea uuguzi, na mwenzangu wa bweni alinivuta mkono: kuna bendi inaitwa Queen, twende. Roki sikuijua, nimelelewa na taarab ya redioni. Nilichojua ni kile alichojua kila mtu, kwamba hapo ndipo mwanamuziki Jimi Hendrix alipochoma gitaa lake, miaka saba kamili kabla ya usiku ule.

Taa zikazimwa. Akatokea kijana mwembamba, nywele nyeusi, nguo nyeupe zenye mikono mipana kama mbawa. Nilishika kiti nikasikia mbao zinatetemeka. Halafu akakaa kwenye piano, ukumbi wote ukatulia, na sauti yake ikapanda hadi kule juu tulikokaa, safi, haina mkwaruzo. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba huyu asili yake si hapa. Nikamtazama vizuri, nikasema labda Mtaliano.

Rainbow nilirudi mara nyingi. Juni 1977 nilimwona Bob Marley, na usiku ule pia una kisa chake, lakini si leo. Mwishoni mwa 1981 wakaufunga.

Miaka kumi baadaye, Novemba 1991, nilikuwa zamu ya usiku. Nikaingia chumba cha chai, gazeti liko mezani. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, amefariki. Jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946. Nilisoma mstari ule mara tatu, kikombe mkononi, chai ikapoa.

Mtoto wa Mji Mkongwe! Familia yake iliondoka 1964 kuja Uingereza, mwaka ule ule sisi tulipopanda boti kwenda Dar es Salaam. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi. Huenda tulipishana Forodhani jioni, yeye na wenzake, mimi nimeshikwa mkono na bibi. Baadaye nikajua na hili, na bado linanisisimua: Beatles walimaliza maonyesho yao ya Krismasi ndani ya ukumbi huu huu usiku wa 11 Januari 1964. Kulipokucha, kwetu kulikuwa na Mapinduzi.

Jumapili nilipanda ngazi hadi juu, upande wa kushoto, pale ninapodhani tulikaa. Nyota ziko vile vile. Nikalitazama jukwaa muda mrefu, hadi watu wa ibada wakaanza kujaa.

Kwetu mwimbaji akikukonga roho, unainuka, unamwendea mbele za watu, unamtunza. Usiku ule mimi nilibaki kitini.