Shela jeupe na taa za buluu: ninavyopiga harusi kwa RAW

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, hapa Dar es Salaam. Saa saba mchana maharusi wanatoka kanisani: shela linawaka juani, bwana harusi kavaa suti nyeusi, na nyuso zao, mmoja maji ya kunde, mwingine mweusi ti, ziko katikati. Ukipima mwanga wa uso, shela linaungua, yaani linabaki weupe mtupu. Ukipima wa shela, uso unazama gizani. Picha za RAW, yaani data ghafi ambayo kamera haijaitengeneza, ndizo zilizonitoa hapo.

Kamera ikitengeneza JPEG, ile picha ya kawaida, huamua yenyewe rangi na ukali wa picha, kisha hutupa mengine yote, na kila rangi hubaki na ngazi 256 za mwanga. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwa hiyo ninapunguza mwanga hadi nyuzi za lesi zionekane moja moja, hata kama kwenye kioo cha kamera uso umekuwa kiza. Nikifika kwenye kompyuta nainua vivuli taratibu, na shavu la bibi harusi linarudi na kahawia yake, ule wekundu wa ndani ukiwepo. JPEG ukiinyanyua kiasi hicho, ngozi hutoka madoa ya kijivu. Dada wa watu hastahili kukaa na uso wa kijivu kwenye albamu maisha yake yote.

Ila lesi ikishaungua kabisa, imeungua. Pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, ikishajaa mwanga haina cha kurudisha. Na tahadhari za kuungua zinazomemeteka kwenye kioo hutokana na JPEG ndogo iliyomo ndani ya faili, kwa hiyo mara nyingi huonya mapema kidogo; RAW yenyewe huwa bado ina nafasi.

Usiku ukumbini ndiko RAW inakogonga ukuta. Taa za mapambo siku hizi ni LED za buluu na zambarau. Kwenye sensa nyingi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, nusu ya pikseli hupokea kijani, robo nyekundu, robo buluu. Uso ukimulikwa kwa buluu tupu, pikseli za buluu hujaa haraka na zile nyekundu hukaa karibu tupu, wakati rangi ya ngozi yetu inategemea sana nyekundu. Kubadili mizani ya rangi baadaye hakusaidii, kwa sababu nyekundu haikufika kwenye sensa tangu mwanzo. Kwa hiyo kabla wageni hawajakaa namfuata mtu wa taa na MC, nawaomba taa nyeupe maharusi wanapoingia na wanapokata keki. Wakikataa, nawasha flashi, kwani mwanga wake una rangi zote. Wakati wa muziki, pale flashi inapoharibu raha ya ukumbi, nageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe nikitegemea pikseli za buluu, maana ndizo zenye chembechembe chache zaidi.

Picha iliyotikisika au iliyokosa fokasi, RAW haiiponyi.

Halafu kuna uzito. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili la RAW la karibu megabaiti 25 au 30, na bibi harusi akirusha ua huku umeshikilia kitufe, kamera husimama kuandika kwenye kadi wakati ua liko hewani. Nimezoea kupiga vipande vifupi. Pia narekodi JPEG sambamba, maana mashangazi wanataka picha kwenye WhatsApp usiku huohuo.

Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutoka RAW, bali JPEG za kamera, kwa ajili ya kasi na uaminifu wa habari. Kwa habari nawaelewa. Harusini nisingekubali.

Wateja wakiniomba RAW siwapi. Kila kampuni ina aina yake ya faili, CR3 ya Canon, NEF ya Nikon, ARW ya Sony, simu nyingi hazizifungui vizuri, na ikifunguka bila kuandaliwa huonekana imepauka. Nawapa JPEG zilizokamilika, RAW nazihifadhi kwenye diski mbili.